Mandawa na jirani zake: namna ya kutembelea majumba ya michoro ya Rajasthan bila kupigwa wala kukimbizwa

Wabongo wengi wanaofika Delhi wanakuwa wameenda kwa mambo mawili tu, matibabu au shule, na kila ukipata siku za kupumua ushauri ni uleule, panda gari nenda Agra kaione Taj Mahal urudi. Kaione, hakuna anayekukataza. Ila kama una siku tatu nne mkononi na hela kidogo imebaki, mi nakwambia geukia magharibi uende Mandawa, kimji cha huko Rajasthan ambacho ukikatiza mitaa yake unakuta majumba ya ghorofa yamechorwa kuanzia usawa wa kiuno mpaka chini ya kingo za paa, tembo, miungu, malkia wa Uingereza, treni, ndege, wazungu wenye makofia, yote yapo ukutani nje nje, unayaangalia bure ukiwa umesimama barabarani.

Ngoja kwanza nieleze ni kitu gani, maana ukienda hujui utaona kuta zilizochakaa tu halafu utarudi unalalamika. Eneo zima linaitwa Shekhawati, liko kaskazini mashariki mwa Rajasthan, wilaya za Jhunjhunu, Sikar na kipande cha Churu, nchi kavu ya mchanga na vichaka, na jina limetokana na Rao Shekha, mtawala wa karne ya 15. Ngome ya Mandawa aliianzisha Thakur Nawal Singh mwaka 1755, na huyohuyo ndiye aliyeanzisha mji wa Nawalgarh mwaka 1737. Zamani misafara ya ngamia iliyokuwa inatoka bandari za Gujarat kwenda Delhi na kwingine ilikuwa inapita hapa, na watawala wadogo wa hapa walikuwa wanatoza ushuru mdogo kuliko majirani zao, sasa unajua mwenyewe mfanyabiashara akisikia ushuru mdogo anafanyaje. Wakajazana. Hao ndio Wamarwari. Baadaye Mwingereza akakamata Calcutta na Bombay, mizigo ikahamia bandarini na kwenye reli, misafara ikafa, wanaume wakafunga safari kwenda mjini kutafuta na wake na watoto wakabaki, na hela ilipoanza kumiminika ikarudi nyumbani kujenga. Kila mmoja anataka la kwake limfunike jirani. Hapo ndipo michoro ilipopamba moto, karne yote ya 19 mpaka kama miaka ya 1930, halafu familia zenyewe zikahamia mijini moja kwa moja, majumba yakabaki na kufuli na mlinzi.

Usichanganye hawa na Wahindi wa Kariakoo au wa Zanzibar. Wa kwetu wengi walitokea Gujarat na Kutch wakavuka bahari kuja huku, Wamarwari wengi waliishia hukohuko ndani ya India. Ila kuna kitu chao unakipanda kila siku: Jamnalal Bajaj, mwanzilishi wa kampuni za Bajaj, alizaliwa mwaka 1889 kijiji cha Kashi ka Bas karibu na Sikar, kwa hiyo hiyo bajaji inayokupeleka Mbagala shina lake liko huku. Familia ya Birla, matajiri wa viwanda, wametokea Pilani, Lakshmi Mittal tajiri wa chuma alizaliwa Sadulpur, na ukipita mitaani majina ya Goenka, Poddar na Singhania utayakuta yameandikwa juu ya milango.

Haya, tuje kwenye safari yenyewe.

Viza ya utalii unaomba mtandaoni, Tanzania na Kenya wote wamo, ila hakikisha ni tovuti ya serikali yao inayoishia na gov.in kwa sababu zipo tovuti nyingi zimetengenezwa zifanane na ile na zinakukata hela ya ziada bure. Ukiwa unatokea au unapitia nchi zenye homa ya manjano, na Kenya na Uganda zimo, beba ile kadi ya njano usiiache kabatini, India hawana utani na hilo, wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6.

Kuhusu msimu usibahatishe. Nenda kati ya Oktoba na Machi. Churu hapo jirani mwezi wa Juni 2019 joto lilifika digrii 50.8, sasa wewe unataka kutembea kwenye vichochoro vya mchanga ukikodolea macho kuta kwa joto hilo? Na Desemba na Januari nako ujipange, mchana ni raha kabisa jua tamu, ila usiku baridi linashuka mpaka mji wa jirani wa Fatehpur wanapata chini ya sifuri, na haya majumba yalijengwa ili yawe na ubaridi, hayana hita, kwa hiyo chukua sweta zito na soksi. Februari na mwanzo wa Machi ndo kipindi changu.

Kutoka Delhi mpaka Mandawa ni kama kilomita 250, gari ya kukodi inachukua saa tano mpaka sita kutegemea utakavyotoka kwenye foleni za Delhi, na kama mko watu watatu wanne mkigawana haiumi. Mandawa yenyewe haina stesheni ya treni. Wanaopenda treni wanashuka Jhunjhunu au Nawalgarh halafu wanamalizia kwa basi au teksi, ila angalia siku kwanza maana siyo kila treni ya njia hiyo inatembea kila siku. Ukitokea Jaipur, mji mkuu wa Rajasthan, mambo ni mepesi zaidi, mabasi yapo stendi ya Sindhi Camp, Nawalgarh ni kama kilomita 140 na ukifika hapo Mandawa inabaki kama kilomita 30. Mabasi ya kawaida yanasimama kila kijiji, yanajaa, kondakta anapiga kelele, hutajiona mgeni.

Pa kulala sasa. Wengi wanalala Mandawa kwa sababu hoteli ni nyingi, na nyingi ni haveli, yaani hayohayo majumba ya michoro, zimekarabatiwa, unalala chumba chenye kuta za michoro na dari ya chini na mlango wa kuinama. Ngome ya zamani nayo ni hoteli, bei yake ni ya kujipongeza. Uzuri wa Mandawa ni kwamba kila kitu unakifikia kwa miguu, ubaya wake ni kwamba watalii wamezoeleka kwa hiyo ukishuka tu garini tayari kuna kijana pembeni anakuita rafiki. Nawalgarh ni mji mkubwa zaidi, una soko lake, watu wana shughuli zao, hakuna anayekushobokea sana. Mi ningelala Mandawa usiku mmoja na Nawalgarh unaofuata kuliko kukaa sehemu moja. Ila piga simu kwanza uulize kama wanapokea wageni wa nje, kwa sababu kila hoteli ikilaza mgeni inatakiwa kujaza fomu ya serikali kwa pasipoti na viza yako, na gesti ndogo ndogo hazitaki huo usumbufu, utafika saa tatu usiku uambiwe pamejaa na funguo unaziona zinaning'inia.

Kutembea kwenyewe kuna mawili, uchukue mtu wa kukuongoza au ujitembeze. Kwa asubuhi ya kwanza chukua, ila chukua kupitia hoteli, mkubaliane bei na saa kabla hujainua mguu, na umwambie wazi kabisa, kaka leo madukani hatuingii. Kwa sababu mchezo wa pale uko hivi, anakuja kijana mpole anasema yeye mwanafunzi anataka tu kujifunza Kiingereza hataki hela, mnatembea vizuri anakuonyesha nyumba mbili tatu, halafu ghafla mnakuwa mmefika "shule ya sanaa" ya mjomba wake, chai inaletwa, picha ndogo ndogo zinakunjuliwa moja moja, na kutoka humo bila kununua ni kazi, unajiona kama umemkosea mtu. Chai kunywa, ahsante sema, inuka uondoke. Sio dhambi.

Toka mapema, saa moja asubuhi uwe barabarani. Jua likiwa chini rangi zinakolea na mitaa iko kimya, ni wauza maziwa na ng'ombe tu. Saa sita mchana kila kitu kinapauka na picha zako zitatoka nyeupe.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanapita wanaangalia kama wanaangalia mabango ya barabarani, dakika mbili nyumba moja, haya inayofuata. Haveli ina mpangilio wake na ukiujua unaanza kufurahia. Unaingia geti kubwa, ua wa kwanza ni wa wanaume na wageni, pembeni kuna baithak, ile sebule ya tajiri alipokuwa anakaa kwenye magodoro na mito kupokea wateja na kupiga hesabu, halafu kuna mlango wa pili unaoingia ua wa ndani wa wanawake, na njia yake imepindishwa ili wa nje asione ndani. Juu ya mlango huo angalia kuna toran, kile kibao cha mbao chenye vindege, kinapigiliwa harusi ikifanyika, na milango mingine ina viwili vitatu vya mabinti walioolewa wakaondoka. Kwa hiyo michoro ya nje na ua wa kwanza ilikuwa ni ya kumwonyesha mteja, tangazo kwamba huyu bwana ana hela na anaijua dunia.

Halafu tazama rangi. Kazi ya zamani ilichorwa kwenye lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, rangi inaingia ndani kabisa inakauka nayo, ndo maana miaka 150 baadaye bado ipo. Rangi zenyewe zilikuwa za asili, udongo mwekundu, masizi ya taa kwa ajili ya nyeusi, chokaa nyeupe, nili ya bluu, na lipu ya ndani ilikuwa inasuguliwa kwa jiwe la akiki na kumaliziwa na mafuta ya nazi mpaka inang'aa, pitisha macho kwa pembeni uone inavyorudisha mwanga kama marumaru. Mafundi waliitwa chejara, walikuwa waashi hao hao waliojenga, wa ukoo wa wafinyanzi. Mwishoni mwa karne ya 19 zikaja rangi za viwandani kutoka Ujerumani, hapo ndo unaona bluu kali na nyekundu ya kupiga kelele. Kwa hiyo ukisimama mbele ya ukuta ukaona wekundu wa udongo umetawala, unasema hii ya zamani, ukikuta bluu ya kuumiza macho na mzungu kavaa suti yuko kwenye gari, hiyo ya karibuni. Haikosei sana.

Treni ndo kichekesho changu. Mafundi wengi walikuwa wanachora kutoka kwenye picha na maelezo ya waliosafiri, wao wenyewe treni hawajaiona, matokeo yake unakuta behewa ni kama safu ya nyumba zimewekewa magurudumu, kila dirisha na mtu wake ametulia kabisa anakutazama, moshi umekaa juu kama mkia, na reli hakuna. Hapo Mandawa tafuta haveli ya Bansidhar Newatia, ukuta wake wa nje upande wa mashariki una ndege ya akina Wright, wale ndugu wa Marekani waliorusha ndege ya kwanza, iko angani, wanawake wenye sari wanaiangalia, kuna mtoto anaongea na simu na kuna baunsa anavuta gari. Jengo ni benki siku hizi, kwa hiyo unaangalia huku watu wanapanga foleni ya kutoa hela zao. Haveli ya Murmuria ina Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, juu ya farasi kashika bendera, na mbele kidogo kuna vimashua vya Venice, usiniulize vimefikaje. Ya Gulab Rai Ladia ina tembo na farasi wazuri, na sehemu nyingine utaona mchoro umekwanguliwa makusudi, hizo zilikuwa picha za mambo ya faragha, warithi wa baadaye wakaona aibu.

Kuingia ndani ni suala la adabu. Nyingine zina tiketi, nyingine zina mlinzi mzee amekaa kibarazani na familia yake inaishi humo humo, kwa hiyo unagonga, unatoa salamu, "Ram Ram sa" inapokelewa vizuri kuliko "hello", unaonyesha kwa mkono kwamba unaomba kuona. Akikuruhusu vua viatu ukiona wengine wamevua, ua wa ndani usiingie mpaka uitwe, wanawake usiwapige picha bila ruhusa, na ukitoka unamwachia hela ya chai, rupia 50 mpaka 100 inatosha, kwa hiyo tembea na noti ndogo ndogo. Wenyeji pale wanalipana kwa simu mpaka muuza karanga, lakini mfumo wao kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya kwao, wewe mgeni keshi ndo mkombozi wako na ATM za Mandawa usizitegemee sana, toa Jaipur au Delhi kabisa. Michoro usiiguse, usiegemee, na flashi zima. Utaona sehemu za chini za kuta zote zimemeguka, ni unyevu na chumvi vinapanda kutoka ardhini, pamoja na migongo ya watu na ng'ombe kwa miaka mia, usiongeze wako.

Utauliza mbona matajiri wote hao hawatengenezi nyumba zao. Jumba moja lina warithi thelathini waliotawanyika Kolkata, Mumbai na ulaya huko, kuuza hawakubaliani, kukarabati hakuna anayetaka kutoa peke yake, basi linasubiri. Hilo nadhani halihitaji tafsiri kwa mtu yeyote mwenye shamba la ukoo.

Siku ya pili kodisha teksi au ukodi pikipiki na dereva uzunguke. Nawalgarh kuna makumbusho ya Podar, haveli ya mwaka 1902 iliyokarabatiwa, michoro yote imerudishiwa rangi inang'aa kama jana. Wapo wanaoipenda, mi naona imezidi, inakuwa kama keki. Vuka hapo karibu uingie Morarka, wao wameacha michoro yenyewe ya asili wakaisafisha tu, imefifia sehemu sehemu lakini unaona mkono wa fundi. Ingia zote mbili siku moja, kwa mpangilio huo, utaelewa ugomvi wa wanaokarabati bila kusomewa. Fatehpur, kama kilomita 20 kutoka Mandawa, kuna haveli ya mwaka 1802 ambayo msanii wa Kifaransa Nadine Le Prince aliinunua mwaka 1998 akaitengeneza. Kwingine Fatehpur ni vumbi na barabara kuu yenye malori, ila ndo kuna majumba ambayo hayajaguswa. Ukiwa na muda ongeza Ramgarh, pale chhatri za akina Poddar, yaani vile vibanda vya kuba walivyojengea kumbukumbu za wafu wao, ndani ya kuba imechorwa duara zima mpaka shingo inauma. Na Mahansar kuna chumba wanaita duka la dhahabu, wameweka dhahabu kwenye michoro ya Ramayana, ule utenzi mkubwa wa Kihindu, kimefungwa muda wote, unaulizia mwenye ufunguo pale kijijini na unamsubiri amalize chai.

Chakula, jiandae, nyama ni adimu, Wamarwari hawali. Ila dal baati churma uijaribu, yale madonge ya ngano yaliyookwa yanavunjwa na kumwagiwa samli na dengu, inashiba mpaka jioni, na ker sangri ni mboga ya jangwani ya matunda ya kichaka na maganda ya mbegu za mti, kama ya maharage, chachu chachu na pilipili, tamu sana na mkate wa uwele. Wanaotaka nyama ya halali watafute Fatehpur au Jhunjhunu, miji hiyo ilikuwa ya Waislamu wa Kaimkhani kabla Warajputi, watawala wa Kihindu, hawajaichukua miaka ya 1730, Fatehpur waliianzisha wao mwaka 1451, na mpaka leo Waislamu ni wengi na hoteli zao zipo karibu na misikiti. Maji ya chupa, na angalia kizibo hakijafunguliwa.

Sisi weusi tutaangaliwa, nisikudanganye. Mandawa wamezoea wazungu, Mwafrika ni habari mpya, watoto watakufuata, vijana wataomba selfi, akishapiga mmoja wanakuja kumi. Mara nyingi ni udadisi tu, ukicheka nao wanakuwa wenyeji wako mtaa mzima, ukichoka sema hapana ukiwa unatabasamu na uendelee kutembea. Dada ukiwa peke yako funika mabega na miguu, na jioni giza likiingia rudi hotelini maana vichochoro havina taa. Ukikuta barabara imefungwa na malori ya taa usishtuke, watu wa sinema wanapapenda pale.

Cha mwisho ni manunuzi. Utaonyeshwa milango ya zamani, madirisha, sufuria za shaba, na muuzaji atakwambia ina miaka 150 na atakusafirishia mpaka Dar. Achana nayo. Sheria yao ya mwaka 1972 inakataza kutoa nje vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100, kwa hiyo ama kitu ni feki umepigwa, ama ni cha kweli na kimeng'olewa kwenye mojawapo ya hizo nyumba ulizotoka kuzisifia, na uwanja wa ndege watakushika. Chukua bangili za lac, ile nta inayotokana na wadudu, wanazozitengeneza mbele yako juu ya mkaa, au vitambaa vya bandhani vile vya vidoti, anza na nusu ya bei aliyotaja, na vyote vinaingia kwenye begi la mkononi.